Nilivyojifanya Nimelala Mikumi

Mara ya kwanza tabibu aliponiambia kwamba mkono wangu wa kulia unaanza kuwa mwepesi, mwepesi kabisa, na kwamba utajiinua wenyewe bila mimi kuuamuru, nilifumba macho nikausubiri. Haukuinuka. Ulikaa palepale juu ya paja, mkono wa mwalimu wa darasa la nne, umechoshwa na kusahihisha madaftari. Nikamsikiliza yule tabibu kijana anavyojitahidi. Alikuwa anaongea taratibu, kwa upole, na lazima jasho lilikuwa linamtoka kwa sababu chumba kilikuwa na dirisha moja tu, na nje fundi alikuwa anagonga bati bila huruma. Nikamwonea aibu. Basi nikauinua mwenyewe. Niliuinua polepole, nikavitetemesha vidole kidogo ili ionekane umejiinua kweli, nikamsikia anashusha pumzi.

"Vizuri sana, mwalimu," akasema. "Vizuri sana."

Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Nilikuwa nimetoka Kilosa asubuhi na mapema, nimekula vumbi njia nzima, nimefika Mikumi ili nitibiwe ugonjwa wa kushindwa kusema hapana.

Hakuna aliyeuita hivyo, bila shaka. Mimi mwenyewe niliuita koo. Kila nilipoitwa, koo lilikaza, kana kwamba kuna mtu amenifunga kifungo cha mwisho cha shati na mimi sijavaa shati. Nilikwenda hospitali, nikapigwa picha, nikapimwa damu, nikapewa dawa za tumbo, nikazimeza zote. Koo likabaki vilevile. Mwishowe daktari mmoja mama, mtu mzima, akaniangalia usoni akaniuliza, "Mwalimu, unaishi na nani?" Nikamjibu naishi na mama yangu, mgonjwa. Akaacha kuandika. Akasema ule ni msongo wa mawazo, na kwamba kuna kijana Mikumi, amesomea ushauri nasaha, anatumia tiba inayoitwa hipnosi. Anakaa chumba cha nyuma ya duka la dawa, siku za Jumamosi tu. Akaniuliza kama nitakwenda.

Nikasema ndiyo. Mimi nilikuwa nasema ndiyo kwa kila mtu, kwa nini nisiseme kwake.

Mama yangu alipata kiharusi miaka sita kabla ya hapo, miezi michache tu baada ya kumzika baba. Upande wa kushoto ukalala. Maneno yakarudi, lakini yakawa mazito, ya kuvutwa. Kwetu sisi watu wa milimani ukoo unafuata mama, na mwenye neno juu ya watoto ni mjomba, yaani kaka yake mama. Mjomba wangu alikuja, akakaa kwenye kiti cha baba, akatuita mimi na dada yangu mkubwa anayeishi Dodoma. Tupo wawili tu. Akasema dada ana mume, ana watoto, ana kazi ya ofisini. Akanigeukia mimi niliyeolewa nikaachika bila mtoto, akasema, "Wewe ndiye wa nyumba hii. Nyumba ya mama yako ni yako, na mama yako ni wako."

Nikasema, "Ndiyo, mjomba."

Dada akapumua. Jumatatu akarudi Dodoma. Tangu siku ile kazi yangu ikawa kuitwa. Mama akitaka maji, ananiita. Akitaka kugeuzwa, ananiita. Akitaka kujua nani anapita barabarani, ananiita. Mimi nilikuwa naitika "Abee" hata nikiwa shuleni, darasani, mtoto amesema kitu tu nyuma kule. Watoto walicheka, na mimi nikacheka nao, maana ungefanyaje. Nyumba yetu iko karibu na reli, na treni ikipita vikombe vinagongana kabatini. Nilikuwa nikisikia vikombe vile nawahesabu watu walioko ndani ya mabehewa, watu wanaokwenda mahali, na nachukia kila mmoja wao.

Kisha likaja suala la kuhama. Mwaka huo nilipelekwa Mikumi kusimamia mtihani wa darasa la saba, na kwenye shule ile nikaonyeshwa nyumba ya mwalimu: vyumba viwili, jiko dogo la nje, mlango wa mbao wenye komeo la ndani. Nilishika lile komeo nikalisukuma, nikalirudisha. Nilitaka kuishi nyuma ya komeo lile. Sikuwa na sababu nyingine ya maana zaidi ya hiyo, na mpaka leo sioni kwa nini nitafute nyingine. Mwalimu aliyekuwa anaishi pale alitaka kuhamia Kilosa, mumewe amepata kazi reli. Katika kazi yetu hupati uhamisho kwa kutamani tu. Njia ya haraka ni kumpata mwenzako anayetaka kituo chako, mbadilishane: kila mmoja anaandika barua, anasaini, walimu wakuu wanapitisha, zinakwenda halmashauri. Tukakubaliana palepale chini ya kibaraza. Yeye akasaini wiki ileile.

Yangu niliiandika vizuri, kwa mwandiko wa ubaoni, nikaitia kwenye mkoba bila kuisaini. Ikakaa mkobani miezi miwili. Mwenzangu akawa ananipigia kila wiki. "Mwalimu, umeshasaini?" Namjibu, "Ndiyo, bado kidogo tu." Jibu la aina hiyo mtu mwenye akili zake hawezi kulitoa, lakini mimi nililitoa, na yeye kwa heshima akalipokea. Akaniambia tu kwamba shule zikifungwa Desemba kabla sijapeleka barua, itabidi atafute mtu mwingine. Na mimi mama sijamwambia, mjomba sijamwambia. Kila nilipofungua mdomo koo lilikaza.

Ndicho nilichomweleza tabibu siku ya kwanza: nataka niweze kuwaambia, kabla ya Desemba. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda semina. Jirani akanishikia mama.

Tabibu alikuwa kijana wa kama miaka thelathini, shati limenyooshwa, miwani. Aliponiona mlangoni alisimama. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba." Hapo ndipo tulipoharibikiwa, ingawa hakuna aliyejua. Yeye ndiye wa kunipa maelekezo, na ni mdogo wangu. Kwa hiyo kila elekezo alilivika nguo. Naomba ufumbe macho, samahani. Kama hutajali, mwalimu, pumua ndani. Na mimi ni mgeni kwenye chumba chake, mtu ananihangaikia, nitamwangushaje? Alinieleza vizuri kwamba hipnosi si usingizi, kwamba nitasikia kila kitu, akili itatulia tu na kushika jambo moja, na kwamba katika utulivu ule mazoea ya zamani yanaweza kufunguliwa na kufungwa upya. Niliitikia kwa kichwa. Neno nililobaki nalo ni kulala, kwa sababu ndilo tulilozoea kulisikia kuhusu mambo yale, nikaamua kwamba mgonjwa mzuri ni yule anayelala.

Akaniambia nichague mahali pa utulivu, mahali ambapo niko peke yangu. Nikachagua mlimani, shamba la zamani la mama, juu ya jiwe. Nikakaa. Kulikuwa na upepo. Haikupita dakika, akatokea mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani, mtu mzima, simjui. Ikabidi nisimame kwenye jiwe, nikamwamkia. Akaniuliza habari za nyumbani, mama anaendeleaje, nikamjibu. Hajafika mbali, akaja mzee na mbuzi. Nikasimama tena. Haya yote yanatokea ndani ya kichwa changu, macho nimefumba, mtu ananiambia mwili wangu unazidi kulegea.

"Uko wapi sasa, mwalimu?"

"Nipo tu, daktari."

"Unajisikiaje?"

"Vizuri sana."

Alihesabu kumi mpaka moja. Alipofika tatu nikaacha kichwa kianguke kifuani, nikavuta pumzi nzito zenye mkoromo kidogo. Nilijitahidi mkoromo usizidi. Alipomaliza aliniamsha kwa sauti laini, nikafumbua macho nikapepesa kama mtoto aliyetolewa kwenye gari. Aliandika kwenye daftari lake. Nimezoea kusoma madaftari kichwa chini miguu juu, ni ujuzi wa darasani. Aliandika: Anaitikia vizuri sana.

Nilirudi Kilosa nimekabwa koo kuliko nilivyokwenda. Jumamosi iliyofuata nikaenda tena.

Nilikuwa mgonjwa wake bora. Niliinua mkono, nililegeza shingo, mara ya tatu nikatoa na chozi. Mara ya nne aliniomba ruhusa mwenzake mmoja anayejifunza aje kuangalia. Nikasema ndiyo, na siku hiyo nilifanya vizuri kupita kiasi, mkono ukapanda mpaka usawa wa bega. Yule mwanafunzi akatikisa kichwa kwa mshangao. Nilipokuwa kwenye basi kurudi nililia kwa kweli, nikiangalia dirishani watu wasinione. Nilikuwa nimesafiri mbali kumtafuta mtu mmoja duniani ambaye kazi yake ni kunitoa kwenye kifungo, na badala yake nikajenga kifungo kingine, nikamtia na yeye humo.

Zoezi alilonipa tabibu la kufanya nyumbani ndilo lililofanya kitu. Alisema kila siku nitafute dakika kumi, nikae, nifumbe macho, nigusanishe kidole gumba na cha shahada, na kila ninapotoa pumzi nijiambie koo langu liko wazi. Nilidharau. Lakini siku moja, saa kumi alasiri, mama amesinzia, nikatoka uani na kigoda nikakaa nyuma ya jiko. Nikafumba macho. Hakuna aliyekuwa ananiangalia, kwa hiyo hakuna wa kumridhisha. Nikapumua. Kama pumzi ya kumi hivi, koo likaachia. Lilifunguka tu, kimya kimya, na hewa ikaingia mpaka mahali nilipokuwa nimepasahau. Nilishangaa. Nikafanya hivyo siku ya pili, na ya tatu, na kila siku liliachia.

Siku ya nne mjomba akaja kwa mlango wa uani.

Nilisikia hodi yake. Nilisikia viatu vyake, vile viatu vya ngozi vya kwendea kanisani, vinasimama mbele yangu kwenye changarawe. Nilijua ni yeye kama ninavyolijua jina langu. Na sikufumbua macho. Nilisema moyoni, dakika moja tu, mjomba, nakuomba, dakika moja. Koo lilikuwa wazi. Sasa kwetu mkubwa hawezi kuanza. Mdogo ndiye anayeamkia, mkubwa anaitika, na kama mdogo hajafungua mdomo mkubwa hana pa kuanzia. Mjomba alisimama pale akisubiri shikamoo yake, aliyopewa na mimi kila siku tuliyoonana tangu nilipojua kusema. Akasubiri. Nikasikia akikohoa kidogo, kikohozi cha kunisaidia. Kisha viatu vikageuka vikaingia ndani ya nyumba.

Nilifumbua macho. Nilikimbia ndani, nikapiga goti, nikamwamkia. Aliitika marahaba bila kuniangalia.

Jumapili baada ya ibada tukakaa kikao. Mama kwenye kiti chake, mjomba kwenye kiti cha baba, dada kwenye simu iliyowekwa mezani sauti kubwa, na mimi kwenye mkeka. Mjomba hakukasirika, angekasirika ningeelewa. Aliumia. "Mpwa wangu," akasema, "nilikukosea nini? Niambie tu nijue." Ikabidi niseme. Nikawaambia kuhusu koo, kuhusu Mikumi, kuhusu tabibu. Kuhusu barua sikusema.

"Kwa hiyo semina ni uongo," mjomba akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Kuna kijana Mikumi anakulaza."

"Sio kulala hivyo, mjomba. Ni tiba."

"Anakulaza, anakuambia maneno, ukirudi hapa huamkii watu."

Kwenye simu dada akasema mambo hayo ni ya kuingiliwa akili, ameona kwenye mtandao watu wanaambiwa walie kama kuku na wanalia. Mama aliangalia mkono wake uliolala. Mjomba akasema basi, yamepita, ila huko Mikumi nisirudi tena, nibaki nimwangalie mama yangu, na kama ni koo kuna maombi na kuna maji ya vuguvugu na chumvi. Akaniuliza kama nimekubali.

Nikasema, "Ndiyo, mjomba."

Koo likakaza pale pale kwenye mkeka, kwa nguvu ambayo sikuwahi kuipata. Nilikwenda jikoni nikasimama nikiwa nimeshika ukingo wa meza, navuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Desemba ilikuwa imebaki wiki tatu.

Jumamosi nikapanda basi tena, kwa idhini ya mama peke yake. Nilimwambia nakwenda kuaga, maana mtu aliyekuhudumia huwezi kumwacha bila kuaga. Hilo lilieleweka. Na kweli nilikuwa nakwenda kuaga. Nilipanga kumwambia tabibu kwamba nimepona, namshukuru, Mungu ambariki. Niliyarudia maneno hayo njiani mpaka yakawa laini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, daktari."

Alikuwa na furaha siku hiyo. Kabla sijakaa akaniambia kuna mkutano wa watu wa fani yake, ameombwa aeleze mgonjwa mmoja aliyeitikia tiba, na yeye amenichagua mimi, bila jina. Angeeleza jinsi mkono ulivyoinuka siku ya kwanza kabisa, jambo ambalo kwa watu wengi halitokei. Akasema mwanafunzi wake ameshaanza kutumia mtindo uleule kwa wagonjwa wengine. "Naomba ruhusa yako, mwalimu."

Nilifungua mdomo nitoe ndiyo. Ilikuwa tayari, iko kwenye ulimi. Nikamwona mwanamke mwingine, mahali pengine, amekaa kwenye kiti kama kile, anaambiwa mkono wake utajiinua. Anausubiri. Haujiinui. Anafikiri ana kasoro, kwa sababu kuna mwalimu wa Kilosa ambaye wa kwake ulipanda mpaka begani.

"Hapana," nikasema.

Yeye akadhani sijaelewa. Akaanza kueleza upya kwamba jina halitatajwa. Nikamwambia nimeelewa. Nikamwambia mkono niliuinua mimi. Nikamwambia na mkoromo, na chozi, na siku ya mwanafunzi. Nilisema yote, haraka, nikimwangalia kwenye miwani, na sauti ilitoka nene, sauti ninayoitumia uwanjani asubuhi wakati wa gwaride.

Alikuwa kijana tu, na ile furaha ilimtoka usoni nikaiona inavyotoka. "Hata siku ya kwanza?" akauliza.

"Hata siku ya kwanza."

Akatoka nje. Nikasema hapa ndipo nimefukuzwa. Akarudi na chupa mbili za maji, akanipa moja, akakaa, hakukaa kwenye kiti chake cha tabibu bali kwenye benchi la ukutani. Akasema, "Mwalimu, mimi niliona. Mkono ulikuja haraka mno. Mwenzangu mwingine, si yule mwanafunzi, aliniambia nikuulize. Nikashindwa. Nitamwambiaje mtu mzima kwamba nadhani ananidanganya?" Tukatazamana. Nilitaka kucheka, lakini nilikuwa na hasira: wiki zote hizo, nauli yote ile, watu wawili kwenye chumba kimoja wanastahiana mpaka tiba inafia katikati.

Siku hiyo hakuniomba nilale. Alisema kama sitaki kufumba macho nisifumbe. Nikachagua msumari uliokuwa ukutani, hauna kitu, nikauangalia. Akaniambia nipumue, na safari hii hakusema samahani. Fundi bati alikuwa anagonga nje, akaniambia niache agonge. Sijui ni baada ya muda gani msumari ukabaki peke yake, na ukuta ukawa mbali. Nilisikia kila kitu. Mkono ulikuwa pajani na hakuna aliyeujali. Nilikuwa nimetulia na niko macho, vyote viwili kwa pamoja, na nikaelewa kwamba ndicho alichonieleza siku ya kwanza nikiwa sisikilizi.

Akaniambia niingie sebuleni kwetu. Nikaingia. Nimwambie mama kwamba nataka kuhama. Nikamwambia. "Sasa sikiliza," akasema tabibu. "Mama anajibu nini?"

Nikasikiliza. Nilimwona mama kwenye kiti, mdomo wake unacheza, na sauti haitoki. Nikajaribu tena. Iliyokuja ni sauti ya mjomba, kisha ya dada, kisha yangu mwenyewe. Ya mama haikuja. Nilikaa na msumari wangu nikitafuta sauti ya mama kuhusu jambo lile, katika miaka sita yote, nikakuta hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, nikiwemo mimi.

Nilirudi na basi la mchana. Jua lilikuwa bado lipo nilipofika. Nilimkuta mama kibarazani, jirani amekwenda kwake. Nikaleta beseni, nikaanza kumwosha miguu kama kawaida, kwa sababu kusema nikiwa nimesimama mbele yake nisingeweza. Nikaushika mguu ule uliolala, usiosikia, nikasema nikiuangalia mguu.

"Mama, nataka kuhamia Mikumi. Nimeandika barua. Bado kusaini."

Koo langu lilikuwa linasubiri. Nikagusanisha vidole ndani ya maji, nikatoa pumzi, likakaa wazi.

"Mbona hukusema?" akauliza, kwa maneno yake ya kuvutwa.

"Niliogopa. Utabaki na nani?"

Akatazama barabarani. "Mimi tangu mwaka juzi nataka kwenda kwa dada yako," akasema. "Kule kuna wajukuu. Kuna hospitali kubwa ya kunyoosha huu mkono. Nikakuangalia wewe, huna mume, huna mtoto. Nikasema nikiondoka huyu atabaki na nani. Ndiyo maana nakuitaita. Nisikuone umekaa peke yako."

Mikono yangu ikasimama kwenye maji. Sikufurahi. Wasomaji wanaotarajia nilifurahi wanisamehe. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakalia. Kila "njoo", kila "wee mwanangu uko wapi", kila kikombe cha maji alichokionja akakiacha: alikuwa ananifariji. Na mimi kila nilipoitika nilikuwa namtunza. Miaka sita tumekaa ndani ya nyumba ile, kila mmoja amemfungia mwenzake mlango kwa wema. Nilitaka kumpigia kelele mama yangu mgonjwa. Nikamkausha miguu badala yake, kidole kimoja kimoja, na aliyekuwa analia alikuwa mama.

"Mjomba wako niachie mimi," akasema mwishoni. "Mimi ni dada yake. Mpigie dada yako."

Nikapiga. Dada akapokea haraka. Nyuma yake televisheni ilikuwa inaongea na watoto wanagombana. Nikamwamkia, shikamoo dada, akaitika. Nikamweleza yote kwa mpangilio, kama ninavyoeleza somo: mimi nahama, mama anataka kuja kwako, ametaka siku nyingi, anaweza kupanda treni ya mwendokasi, mimi nitamleta mpaka mlangoni. Mama alikuwa ameinua uso ananiangalia, na ule upande wa mdomo wake unaofanya kazi ulikuwa unatabasamu.

Nilisikia dada akiwaambia watoto wapunguze sauti. Nikasikia akimeza mate.

"Ndiyo," akasema. "Mlete tu. Hamna shida kabisa."

Niliijua ile ndiyo. Ilipanda kidogo mwishoni, ikawa na uchangamfu mwingi kuliko swali lilivyohitaji, na chini yake kulikuwa na koo linalokaza. Nilikuwa nimeitoa mwenyewe mara elfu. Ningemuuliza, dada, una uhakika, sema kweli, angeniambia kweli. Nilikuwa nimetoka kujifunza asubuhi ileile jinsi ya kuuliza na jinsi ya kusubiri jibu. Mama alikuwa ananitazama. Barua ilikuwa mkobani.

"Asante, dada," nikasema, nikakata simu, nikaingia ndani kutafuta kalamu.